Rudi Palepale: Hotuba kwa Wapenzi wa Picha za Viumbe na Mimea

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, dada na kaka zangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kunialika. Nimeambiwa wapo wenzetu ambao leo hawakuweza kufika. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini tumekubaliana maneno haya yaandikwe yote yawafikie, kwa hiyo leo na lao litakuwapo.

Naomba nianze na swali. Ni nani kati yenu amewahi kusema: "Mimi ningepiga picha nzuri za viumbe kama ningekuwa na muda, kama ningekuwa na kamera ya maana, kama ningeweza kusafiri mpaka kwenye hifadhi kubwa"? Inueni mikono bila aibu. Naona mikono mingi. Basi nimekuja kubishana na hizo "kama" tatu, kwa sababu zimewanyima watu furaha ambayo iko hatua chache kutoka mlangoni kwao.

Neno langu ni moja. Chagua mahali pamoja, padogo, palipo karibu, halafu urudi. Urudi kukiwa na jua, urudi baada ya mvua, urudi siku ambayo unaamini hakuna cha kuona. Urudi palepale.

Tuanze na safari. Tarehe 15 Januari 1885, katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont kule Marekani, kijana mkulima aitwaye Wilson Bentley aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Alikuwa na umri wa miaka 19. Hakuwa profesa, wala hakuna gazeti lililomtuma. Kwao walifuga ng'ombe wa maziwa, na kazi za shamba hazikumhurumia kwa sababu ya picha zake.

Theluji ilipoanza kudondoka aliingia kwenye banda lisilo na moto. Alikinga chembe kwa ubao mweusi, akaidokoa kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo, akaikandamiza taratibu kwa unyoya wa ndege ishike vizuri. Na muda wote huo alibana pumzi. Kwa nini abane pumzi? Kwa sababu pumzi ya mtu ina joto, na chembe ya theluji ikiguswa na joto imekwisha. Hebu jiwekeni pale bandani: vidole vimekufa ganzi, mwanga ni hafifu, na kitu unachokitaka kinayeyuka ukikitazama.

Alifanya hivyo mpaka akazeeka. Alipiga picha za chembe zaidi ya 5,000, na nakala zake aliwauzia watu kwa senti tano tu. Mwaka wa 1931, mwaka aliofariki, mkusanyo wa picha zake zaidi ya 2,400 ulichapishwa. Kijiji kilekile. Shamba lilelile. Theluji iliyodondoka juu ya paa la nyumba yao ndiyo iliyompa kazi ya maisha yake yote. Nawauliza: angesafiri kuzunguka dunia kutafuta theluji nzuri zaidi, angeona zaidi ya hapo?

Mimi mahali pangu ni mtaro wa maji, nyuma ya ninapoishi. Ni mtaro wa kawaida, una majani marefu pembeni na maji yanayotembea polepole. Wapita njia hawautazami. Nilianza kwenda pale kwa sababu ya kereng'ende, na nitawaeleza jambo moja tu nililojifunza, maana lingine lote lingetukesha hapa.

Asubuhi moja niliona kitu kimeng'ang'ania kwenye jani, juu kidogo ya maji. Kilikuwa na rangi ya udongo mkavu, kina miguu sita, kina macho, lakini ndani kitupu. Mgongoni kimepasuka mpasuko mmoja ulionyooka. Nikajua ni ngozi ya kereng'ende. Mtoto wa kereng'ende huishi majini, na wakati wake ukifika hupanda kwenye jani, ngozi ya mgongoni hupasuka, na mdudu mwenye mabawa hujivuta nje taratibu. Ngozi hubaki pale imeshika jani kana kwamba mwenyewe bado yumo.

Nikapiga picha, nikaridhika. Nyumbani nilipoikuza kwenye kioo cha kompyuta nikaona kitu ambacho macho yangu hayakukiona pale mtaroni: kwenye ule mpasuko zilitokeza nyuzi nyeupe, nyembamba kama nywele, zimejikunja. Ni nini? Uzi wa buibui? Ukungu? Nikasoma, nikauliza wanaojua. Jibu lilinifanya nisimame kutoka kwenye kiti. Zile nyuzi ni ngozi ya ndani ya mirija ya kupumulia. Wadudu hawana mapafu. Hewa huingia mwilini mwao kwa mirija inayosambaa mpaka ndani kabisa, na kereng'ende anapojivua ngozi ya nje, anajivua na ngozi ya ndani ya mirija hiyo. Anaichomoa. Yaani anabadilisha hata njia za hewa yake, kisha anaruka.

Ndugu zangu, jambo hilo lilikuwa likitokea nyuma ya nyumba yangu miaka yote niliyopita pale nikiwahi shughuli zangu. Sasa kila ngozi kavu ninayoikuta naiangalia mgongoni kwanza. Hivyo ndivyo kurudi palepale kunavyofanya kazi. Mara ya kwanza unaona majani. Baadaye unaona nani anakaa kwenye majani. Baadaye zaidi unajua buibui yule hutega tandabui lake upande upi, na kwamba buibui wengi wa jamii yake hulila tandabui la zamani kabla ya kusuka jipya. Unajua kereng'ende yupi hurudi kutua kwenye kijiti kilekile baada ya kila mzunguko, kwa hiyo huna haja ya kumkimbiza: elekeza lenzi kwenye kijiti, usubiri. Mgeni hawezi kuyajua hayo, hata kama amebeba lenzi ndefu kuliko mkono wake.

Na muda je? Hapa nina habari njema kwa wafanyakazi wenzangu. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na njiani sehemu kubwa ya bluu hutawanyika. Unaotufikia ni ule wa dhahabu, mpole, unaopiga kutoka ubavuni na kuonyesha kila kinyweleo cha jani. Sasa jua huwa chini saa ngapi? Kabla hujaenda kazini, na baada ya kutoka kazini! Saa za mchana unazosikitika kuzikosa ndizo saa ambazo jua la utosini linachoma picha na kuzijaza vivuli vyeusi. Alfajiri ina zawadi nyingine. Kereng'ende akiwa na baridi hawezi kuruka. Unamkuta ametulia kwenye jani, matone ya umande yamemjaa mpaka kwenye macho, na unaweza kumsogelea. Kisha anaanza kutetemesha mabawa ili misuli ipate joto. Ukiona hivyo, ujue unazo dakika chache tu.

Tuje kwenye kamera. Hapa najua nitawaudhi baadhi ya marafiki zangu wapenda vifaa, na mimi mwenyewe vifaa navipenda sana, lakini lazima tuseme kweli.

Mwaka wa 1975, mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya kwanza ya kidijitali. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye pikseli, yaani nukta za picha, 10,000, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha hiyo moja kwenye kaseti, ndiyo, kaseti kama zile za muziki. Simu yenye kamera ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12, inakusanya nukta mara 1,200 ya hizo kwa kufumba na kufumbua. Na simu ya namna hiyo sisi tunasema imezeeka!

Mwaka uliofuata, 1976, mwanasayansi wa kampuni hiyohiyo, Bryce Bayer, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio wa vichujio vya rangi ambao mpaka leo umo ndani ya kamera nyingi, pamoja na zilizomo mifukoni mwenu. Kila nukta ya kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, inafunikwa na kichujio cha rangi moja tu. Katika kila nukta nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. Kwa nini kijani kipate mbili? Kwa sababu jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa eneo la kijani kutambua mwangaza na mambo madogomadogo. Rangi zinazokosekana kwenye kila nukta, kamera inazikadiria kwa kuangalia nukta za jirani. Mnanielewa? Sehemu kubwa ya rangi mnayoiona kwenye picha imekadiriwa kwa hesabu. Simu zimekwenda mbali zaidi: kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo inapiga fremu kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha kuwa picha moja. Ndiyo maana jani likitikiswa na upepo wakati wa giza, picha ya simu huonekana kama imepakwa mafuta.

Mtu akiyajua haya anaacha kuilaumu simu yake na anaanza kuisaidia. Yupo mwenzetu humu ndani, dada mmoja, hataki nimtaje. Anapiga picha za nyuki kwa simu ambayo kioo chake kina ufa kutoka kona hadi kona. Nilimtazama akifanya kazi. Kwanza alifuta lenzi kwa kitambaa laini, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi ingawa lenzi ya simu inashikwa na vidole siku nzima. Akachagua ua moja, ua moja tu, lililokuwa kwenye kivuli chepesi. Akagusa ua lile kwenye kioo cha simu na kukandamiza kidole mpaka fokasi, yaani ulengaji wa lenzi, ikajifunga. Akateremsha mwangaza kidogo kwa kuvuta kidole chini, ili petali zisiungue kwa weupe. Akabana viwiko mbavuni, akatoa pumzi nusu, akatulia. Nyuki walikuja kwenye maua mengine, hakuwafuata. Mmoja akaja kwenye lile ua. Picha ile mmeiona, ina chavua kwenye miguu ya nyuma, unaweza karibu kuzihesabu chembe.

Angalieni kitu ambacho hakukifanya. Hakuvuta picha karibu kwa vidole viwili. Ukishapita uwezo wa lenzi za simu, kuvuta huko ni kuikata picha na kukuza kilichobaki. Sogea wewe. Ikiwa huwezi kusogea bila kumtisha kiumbe, piga picha ya kiumbe ndani ya makazi yake, akiwa mdogo kwenye fremu. Picha ya namna hiyo mimi naipenda kuliko ya uso peke yake, maana inaonyesha anaishi wapi na anakula nini.

Jambo ambalo naona wapiga picha wa kujifurahisha wanalipuuza kuliko yote ni tarehe. Tarehe, ndugu zangu. Tarehe na mahali.

Wanasayansi waliokuwa wakichunguza mabadiliko ya tabianchi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitia picha za zamani za makaburi ya Lowell. Moja ilipigwa tarehe 30 Mei 1868, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki. Miti katika picha hiyo haina majani. Mwaka wa 2005, tarehe ileile, 30 Mei, ikapigwa picha nyingine mahali palepale. Miti imejaa majani tele! Wakaziweka pamoja na picha nyingine nyingi na mimea iliyokaushwa miaka hiyo, na mwaka wa 2006 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha jinsi mimea inavyofuata joto la majira. Mtu aliyesimama makaburini mwaka wa 1868 alikuwa anapiga picha ya siku ya kumbukumbu. Angejuaje kwamba miti iliyokuwa nyuma ingekuja kutoa ushahidi miaka 137 baadaye? Na kama tarehe ingepotea, ushahidi ungetoka wapi?

Ndiyo maana nawasihi: hakikisheni saa na tarehe ya kamera ni sahihi, na mkifika nyumbani andikeni mstari mmoja chini ya picha. Mlikuwa wapi, hali ya hewa ilikuwaje, kiumbe alikuwa anafanya nini. Anayetaka kufika mbali zaidi, ipo iNaturalist, tovuti na programu ya simu ya kutambua viumbe, iliyoanzishwa mwaka wa 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unaweka picha yako, tarehe na mahali, na watu wengine, baadhi yao wataalamu, wanakusaidia kumtambua kiumbe. Kumbukumbu zinazothibitishwa hutumiwa na watafiti. Nyuki wa kwenye ua lako anaingia kwenye elimu ya dunia.

Leo akili mnemba inaweza kutunga kereng'ende mwenye rangi kali kuliko wangu kwa sekunde chache. Sawa. Lakini kereng'ende huyo hana tarehe, hana mtaro, hajawahi kutua popote. Miaka 100 ijayo hakuna mtu atakayeweza kumuuliza swali. Wa kwenu ataweza kuulizwa.

Sasa nataka niseme kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Kiumbe ana haki kuliko picha. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, mwaka wa 1892 walipiga picha ya kiota cha ndege kikiwa na mayai ndani, wakati kamera zilikuwa mizigo mizito ya mbao na vioo. Baadaye, ili wawasogelee ndege bila kuwasumbua, walitengeneza ng'ombe wa bandia: ngozi halisi ya ng'ombe juu ya fremu, mpiga picha amejibanza tumboni, lenzi inachungulia kwenye tundu. Ndege wamezoea kuona ng'ombe malishoni, basi wakaendelea na maisha yao. Watu walikubali kujikunja ndani ya ngozi ya ng'ombe ili ndege asihangaike! Sisi tunashindwa nini? Tunakata vijitawi vilivyofunika kiota ili kionekane vizuri, na vijitawi vile ndivyo paa na ndivyo maficho. Mwewe naye anaona vizuri. Tunapiga sauti za ndege kwa spika ili dume atoke kupigania eneo lake dhidi ya adui ambaye hayupo. Tunageuza mawe kutafuta wadudu na kuyaacha yamelala chali. Acheni. Nasema acheni.

Na teknolojia imeongeza hatari nyingine ambayo haionekani. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha latitudo na longitudo za mahali uliposimama. Ukipiga picha ya mnyama anayewindwa, au okidi adimu inayong'olewa na wafanyabiashara, kisha ukatuma faili lilelile, umemchorea ramani mwizi. iNaturalist wenyewe huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Nasi tufanye vivyo hivyo: nakala ya nyumbani ibaki na taarifa zote, nakala unayoituma iondolewe mahali. Kwenye mipangilio ya simu ni kugusa mara mbili tatu tu.

Kuhusu kuhifadhi nitapita haraka, maana mnalijua na hamlifanyi. Nakala tatu za picha zako, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba yako au katika hifadhi ya mtandaoni. Simu huanguka majini, diski hufa bila kuaga. Fanyeni wiki hii.

Nina jambo moja lililonikaa moyoni. Siku hizi mtu akionyesha picha nzuri, swali la kwanza analoulizwa ni: "Mbona huuzi?" La pili ni: "Umepata laiki ngapi?" Kwa nini tunafanyiana hivi? Wanaoishi kwa kazi ya picha nawaheshimu, ni kazi ngumu. Lakini sikubaliani na ushauri wa kugeuza kila tunachokipenda kuwa biashara. Mtu anatoka kazini amechoka, amesemwa, ameshinda kwenye foleni, anakwenda kuchuchumaa mbele ya buibui nusu saa, anarudi nyumbani amepoa na anazungumza na watoto wake vizuri. Hiyo nusu saa imeshalipa. Ukianza kupiga picha za kutafuta laiki, utaanza kupiga kile ambacho watu tayari wanakipenda: machweo, machweo, na machweo tena. Ile ngozi kavu ya kereng'ende usingeinamia kamwe. Nani angeilaiki? Mimi niliwaonyesha picha ile watu wa nyumbani kwangu, tukajazana mbele ya kompyuta tukibishana kuhusu nyuzi nyeupe mpaka usiku. Sijui ni tuzo gani ingenipa jioni kama ile.

Wazee wetu mliopo hapa, msidhani haya ni ya vijana. Nyinyi ndio mnaojua mti ule ulikuwa unachanua mwezi gani zamani. Wapeni vijana kumbukumbu hizo, nao wawafundishe kufunga fokasi. Nawaomba mkae wawiliwawili, mzee na kijana, katika zoezi tunaloliendea.

Maana sasa tunatoka nje, mwenyekiti amenikubalia. Nyuma ya ukumbi upo ukuta uliofunikwa na mimea inayotambaa, na jua limeshaanza kushuka upande ule. Kila watu wawili wachukue upana wa mita moja ya ukuta. Mita moja, msihame! Wenye flashi waizime. Wenye lenzi za kukuza waziazimishe kwa zamu. Andikeni tarehe na saa kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, na kila mnachokiona hata kama hamkijui jina, chungu, ukungu, yai lililobandikwa chini ya jani. Geuzeni macho, msigeuze jani kwa nguvu. Tukirudi ndani kila wawili watuonyeshe picha moja na watueleze swali moja ambalo hawakuwa nalo kabla ya kutoka. Mwezi ujao mtarudi kwenye mita ileile, kwa hiyo wekeni alama mahali penu. Asanteni sana. Twendeni, mwanga hautusubiri.